Chai ya Mzee Kutu

Kila asubuhi, kabla foleni ya ndoo haijapinda kona ya ukuta wake, Mzee Kutu alichemsha kikombe kimoja cha chai ya rangi, kali, isiyo na sukari, ambayo hakukusudia kuinywa. Aliiacha ipoe. Kisha alikinga maji nusu bilauri kutoka katika koki ya pipa la tatu, akaiinua bilauri kuelekea mwanga, na kumimina chai ndani yake kijiko baada ya kijiko. Wenye ndoo walinyamaza wakimtazama, kama watu wanaosubiri daktari atoe kipimajoto kinywani mwa mgonjwa. Mchanganyiko ukibaki mwekundu kama tofali lililolowa, mzee alisema neno moja tu: "Kingeni." Ukigeuka mweusi kama wino, alifunga koki, akavua shati, na siku hiyo mtaa mzima ulijua kwamba mapipa yatafumuliwa.

"Leo chai imesemaje, mzee?" aliuliza mshonaji wa nyumba ya pili, mwanamke mwenye ulimi mwepesi kuliko cherehani yake.

"Imesema uache domo, ukinge maji."

"Mimi nilidhani imesema nikaribishwe kikombe. Miaka yote hii unapika chai, hujampa mtu hata funda moja! Ubahili gani huu?"

Watu wakacheka, naye mzee akacheka kwa pua, maana hakuwa mtu wa kucheka kwa kinywa.

Alikuwa fundi wa kerezo. Kwa miaka thelathini na moja alisimama mbele ya mashine ile ile, katika karakana ya kutengeneza pampu na ekseli, akikereza vyuma mpaka vikawa duara kamili. Huko ndiko alikopata sifa iliyomfuata hadi uzeeni, nayo ilikuwa ukucha wa dole gumba lake la kulia. Wenzake walipotoa vipimo katika visanduku vyao, yeye aliisimamisha mashine, akaupitishia mhimili ukucha taratibu, akasema, "Bado unywele." Na kweli ulikuwa bado unywele. Msimamizi alimnunulia kalipa mpya, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili zinazosogezwa. Aliipaka mafuta, akaifunga kwa kitambaa, na kuitoa siku za wakaguzi tu, kama mtu anavyovaa tai. Kazi yake haikurudishwa hata mara moja. Mtu akiishi miaka thelathini na moja bila kurudishiwa kazi, si rahisi kumshawishi kwamba mkono wake unaweza kumdanganya.

Mkewe alifuma sweta za wanafunzi. Alikaa kwenye kiti cha kamba karibu na dirisha, sindano mbili zikigongana, bonge la uzi wa buluu likicheza miguuni pake. Alikuwa mwenye vidole virefu na mwendo wa haraka. Kabla shule hazijafunguliwa aliweza kumaliza sweta tatu kwa wiki na bado akapata nafasi ya kumkosoa mumewe. Ndiye aliyeona dalili za kwanza. Uzi ulianza kunasa viganjani mwake. Aliupima uzi, akaulaumu. Akabadilisha duka, ukanasa vilevile. Ndipo alipomnyooshea mumewe mikono yote miwili, naye mzee akapitisha ukucha, akahisi punje ndogo ngumu chini ya ngozi, nyingi, kama mchanga ulioshonewa ndani ya kitambaa.

"Ni sugu za sindano," akasema.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alasiri, mzee alichukua msasa laini kabisa, ule wa kung'arishia shaba, akakilaza kiganja cha mkewe juu ya goti lake na kukisugua polepole mpaka uzi ukaacha kunasa. Ilikuwa saa yao. Walisemezana mambo ya watoto wao mapacha waliokwisha kuolewa na kuoa mbali, au hawakusemezana kabisa. Lakini punje zilirudi, na kifuani pa mkewe yakatokea madoa, meusi na meupe, mfano wa matone ya mvua ya kwanza juu ya vumbi.

Daktari wa ngozi hakuangalia sana madoa. Alitazama viganja, akauliza, "Mnakunywa maji gani?"

"Ya pampu ya mkono, mwanzo wa mtaa. Mazuri, baridi, hayana hata harufu."

Wiki ya pili wakaja watu wa ofisi ya maji na vichupa vyao, wakapima, na kabla ya kuondoka wakaipaka pampu rangi nyekundu kuanzia mdomo hadi mpini. Maji yaliyokuwa yamenywewa kwa miaka ishirini, yakasifiwa na kila mgeni, yalikuwa na aseniki. Walieleza kwamba sumu hiyo hukaa katika miamba ya chini na kuyeyukia majini; haina rangi, haina ladha, haina harufu; ukiyachemsha maji, unayapunguza maji na kuiacha sumu pale pale. Bomba la mji lilikuwa limeahidiwa. Lilikuwa limeahidiwa tangu mapacha wakinyonya.

Daktari alipoambiwa majibu, alisema maneno ambayo Mzee Kutu aliyakariri njia nzima ya kurudi nyumbani. "Mama amekwisha kubeba sumu ya miaka ishirini, na mimi sina dawa ya kuitoa. Akipata maji safi kuanzia leo, huenda viganja vikatulia. Akiendelea na yale, siku moja punje mojawapo itapasuka, na itakayopasuka haitapona. Hapo tutaanza kuzungumza habari ya kukata."

Yaani mkono wa mkewe ulikuwa umefungwa kwenye glasi ya maji.

Aliyemfundisha namna ya kuyasafisha alikuwa mpimaji wa ofisi ya maji, binti mwembamba aliyezoea kuvaa buti za mpira hata siku za jua. Alichora mapipa matatu kwenye daftari. Pipa la kwanza lingetiwa mchanga na chenga za chuma, ndizo zile zilizojisokota zinazoanguka chini ya kerezo. La pili mchanga mtupu, la tatu mkaa na kokoto. Chuma kikilowa kitashika kutu, akasema, na kutu ndiyo itakayoidaka aseniki na kuing'ang'ania.

"Kutu?" mzee aliuliza.

"Kutu, baba."

"Nimepigana na kutu miaka thelathini na moja. Nimeipaka mafuta, nimeikwangua, nimeitukana. Leo unaniambia niibembeleze kwa ajili ya mke wangu?"

Binti akacheka, mama akacheka, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umempa jina jipya.

Alikijenga kichujio kwa siku tisa. Alikwenda karakana yake ya zamani kuomba chenga, akazichagua, akaziosha mafuta kwa sabuni na magadi mpaka vidole vikachubuka. Alichimba shimo la saruji lenye mfuniko wa kufukia chenga zilizochoka, kwa sababu binti alimwambia kwamba chenga zilizoshiba ni sumu tupu, asizitupe bustanini. Hakuna lililoelezwa na binti ambalo hakulifanya sawasawa. Na lile la mwisho pia alilifanya, kwa mwaka mmoja na nusu.

Lile la mwisho lilikuwa hili. Binti alimwachia kisanduku cha kupimia, chenye vichupa, unga wa aina mbili, kadi ya rangi, na vikaratasi vyeupe hamsini. "Kila wiki ya pili, baba, pima maji ya koki. Usiuamini ulimi, wala pua, wala jicho. Sumu hii haina sura."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Alipima. Baada ya miezi minane, kikaratasi kikageuka manjano, naye akafumua pipa na kutia chenga mpya. Asubuhi hiyo hiyo, kama ilivyotokea, mkewe alikuwa amelalamika kwamba chai imegeuka nyeusi kikombeni. Mzee alilitia jambo hilo akilini, mahali alipokuwa akitia siri za vyuma. Miezi minane mingine ikapita, kikaratasi kikawa manjano tena, na chai, alipoijaribu kwa makusudi, ikawa wino. Fundi yeyote angeunganisha mambo mawili hayo. Maji ya ile pampu yalikuwa na madini ya chuma mengi, na chuma na chai havipatani, hutoa weusi. Kichujio kikichoka, chuma hupita, na aseniki hupita pamoja nacho. Basi chai ilikuwa kipimo. Ilipatikana dukani, haikuhitaji kungojea dakika ishirini, na kila mtu aliweza kuiona kwa macho yake.

Zaidi ya hayo vikaratasi vilikuwa vinakwisha. Binti alikuwa amehamishwa; barua mbili kwa ofisi ya maji hazikujibiwa. Vilibaki kumi na moja. Mzee Kutu alivifunga katika mfuko wa plastiki, akautia ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na unga wake, akauweka juu ya kabati.

"Hivi ni vya siku ya shida," alimwambia mkewe.

"Na siku ya shida utaijuaje?"

"Chai itaniambia."

Chai ilimwambia mara mbili nyingine, naye akabadilisha chenga mara mbili. Katika mara hiyo ya pili aliamua kuboresha kazi. Alichagua chenga nyembamba kuliko zote, karibu unga, akijua kwamba chuma kikiwa chembamba hugusana zaidi na maji. Akazishindilia pipani kwa gogo, tabaka juu ya tabaka, zikakaa kama sakafu. Nazo zikadumu. Miezi minane ikapita, kumi, kumi na miwili, na chai ilikuwa ikibaki nyekundu. Alianza kujisifu kidogo, jambo ambalo halikuwa desturi yake. "Kichujio kimekomaa," alisema kwenye foleni. "Hata mashine hujifunza mkono wa mwenyewe."

Mwezi wa kumi na nne, Jumamosi moja, msasa ukatoka na damu.

Mzee alidhani amesugua kwa nguvu. Alikwenda kwenye mwanga. Punje iliyokuwa chini ya dole gumba la kulia la mkewe ilikuwa imepasuka katikati, kama mbegu iliyolowa, na kingo zake zilikuwa zimeinuka. Wakaiosha, wakaifunga. Wiki tatu baadaye kilikuwa kidonda kipana kama kitufe cha koti, na mama alikuwa akifuma kwa vidole vinne, kimoja kikiwa kimesimama wima kando kama mtoto aliyeadhibiwa.

Daktari alikuwa yule yule, mwenye mvi zaidi. Alikata kipande kidogo cha nyama, akakitia katika chupa, akaandika. Kisha akauliza swali lile lile. "Mnakunywa maji gani?"

Mama ndiye aliyejibu, tena kwa fahari. "Ya mume wangu. Miaka minne sasa, dokta, sijaonja mengine. Hata nikialikwa arusini nakwenda na chupa yangu."

"Yalipimwa lini?"

"Kila siku," akasema Mzee Kutu.

"Kwa kipimo gani?"

"Kwa chai."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakucheka, na kutocheka kwake ndiko kulikomchoma mzee. "Mzee wangu, chai inaonyesha chuma. Mimi nakuuliza habari ya aseniki."

"Vinakwenda pamoja."

"Nani amekuambia?"

Mzee Kutu akainuka, akaaga. Alirudi nyumbani amenuna, akitembea hatua mbili mbele ya mkewe, naye mkewe akamwacha anune. Alipofika alipika chai kabla ya kuvua viatu. Ilibaki nyekundu, nzuri, safi. "Unaona?" akasema. Mama alikaa kitini, akaupakata mkono wake uliofungwa, akatazama juu ya kabati.

Mzee akapanda juu ya stuli, akauteremsha mkebe.

Alipimia uani, pasipo ukuta wa kuzuia upepo. Alitia maji ya koki katika kichupa hadi kwenye mstari, akaongeza unga wa kwanza, kisha wa pili. Maji yakafanya povu bila moto. Akafunika kwa mfuniko wenye tundu, na juu ya tundu akabana kikaratasi kidogo kama ukucha. Sumu ikiwapo, hupanda pamoja na hewa ya povu hilo na kukipaka kikaratasi rangi. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, saa mkononi. Dakika ya saba kikaratasi kilikuwa kimekwisha kuwa manjano. Dakika ya ishirini kilikuwa na rangi ya tumbaku, na kwenye kadi, rangi ya tumbaku ilikuwa karibu na mwisho.

"Karatasi zimeoza," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Zimekaa mno."

Alichukua cha pili, akapima maji ya mvua yaliyokuwa katika beseni chini ya paa. Kikabaki cheupe kama kilivyotoka mfukoni. Alichukua cha tatu, akaenda mwenyewe hadi pampu nyekundu, akateka, akarudi, akapima. Kikawa rangi ya tumbaku. Aliviweka vikaratasi viwili vya tumbaku sambamba juu ya goti lake, cha pampu na cha koki yake. Aliupitisha ukucha juu yake, mazoea ya bure, kana kwamba tofauti ingeweza kukwaruzika. Hapakuwa na tofauti.

Akafumua pipa la kwanza. Mchanga wa juu ulitoka vizuri. Chini yake koleo liligonga kitu, likarudi. Chenga zake nyembamba, zilizoshindiliwa kwa ustadi, zilikuwa zimeshikana kwa kutu na kuwa jiwe moja, kitalu cheusi chenye umbo la pipa. Na ubavuni mwa kitalu hicho maji yalikuwa yamejitobolea mfereji upana wa kidole. Maji ya sumu yalikuwa yakishuka kwa mfereji huo pasipo kugusa chochote. Kisha mchanga wa pipa la pili ulikuwa ukizuia ule wekundu wa chuma, kama ulivyozoea, na kuyatoa yaking'aa, yakiwa tayari kuipendeza chai.

Alijaribu kuhesabu. Huenda miezi kumi na mitatu. Huenda miwili. Hapakuwa na namna ya kujua, kwa maana mwenye kuweza kujua alikuwa na karatasi kumi na moja juu ya kabati, naye alizihifadhi.

Mama alikuja akasimama mlangoni. "Ukimya huo wa nini, baba watoto?"

"Kaa kwanza."

"Nimekaa kutwa. Sema."

"Maji ni yale yale ya pampu. Sijui tangu lini. Mimi ndiye niliyekupa."

Mama alitazama kitalu kile cheusi ndani ya pipa kwa muda mrefu, kisha akamtazama mumewe aliyekuwa amepaka matope hadi mabegani. Mzee alisubiri amtukane. Alitamani sana atukanwe.

"Na yule mshonaji," mama akasema hatimaye, "anakinga ndoo nne kwa siku."

Usiku huo hakuna aliyelala, lakini hayo ni mambo yao. Asubuhi foleni ikaja kama kawaida.

"Mzee, mbona sisikii harufu ya chai?" mshonaji akaanza. "Sukari imepanda bei, au mama amekunyima kibiriti?"

"Hakuna chai leo."

"Makubwa! Basi sisi tukinge kwa imani tu?"

"Msikinge." Alikuwa amesimama mbele ya koki na kopo la rangi nyekundu mkononi, brashi imekwisha kuchovywa. "Maji haya yana sumu. Sawa na ya pampu."

Palikuwa na kicheko kimoja, cha mtu wa nyuma ambaye hakusikia vizuri, nacho kikafa peke yake.

"Tangu lini?" akauliza mshonaji.

"Sijui."

"Hujui vipi? Wewe si unapima kila siku? Si tunakuona?"

"Nilikuwa napima chuma. Sumu sikuipima. Nilikuwa na karatasi za kuipimia, nikaziweka zisiishe. Kosa si la pipa. Ni langu."

Mwanamume mmoja akaipiga ndoo yake teke, ikabingirika hadi mferejini, akaondoka bila kuiokota. Mwingine akasema maneno ambayo hayaandikiki. Mzee Kutu aliyapokea yote, kisha akaiweka brashi chini na kusema, "Nionyesheni viganja vyenu."

"Eti nini?"

"Viganja. Kila mmoja."

"Jamani, sasa amegeuka mpiga ramli!" mshonaji alisema, lakini sauti yake haikuwa na mzaha tena. Hata hivyo yeye ndiye aliyetangulia, akamnyooshea mkono wa kulia. "Haya, niambie nitaolewa lini tena. Hizo ngumu ni za mkasi, nakwambia kabisa, usinitishe."

Zilikuwa za mkasi kweli, sugu mbili pana penye kushikia. "Mkasi unaushika kwa mkono huu?"

"Huo huo."

"Nipe wa kushoto."

Alisita, kisha akampa. Mzee akapitisha ukucha wa dole gumba lake, taratibu, kuanzia kwenye kifundo kuelekea vidoleni. Ukucha ukakwama. Ukapita, ukakwama tena. Safari hii ukucha ulisema kweli, na ingekuwa afadhali ungesema uongo.

"Ngapi?" mshonaji akanong'ona.

"Tatu. Ndogo. Nenda kwa daktari leo hii, mwanangu, usishone kitu. Mwambie nimekutuma mimi, na mwambie kwa nini."

Katika watu ishirini na sita waliokuwa hapo alipata watano wenye punje. Alipomaliza, aliokota brashi akaipaka koki rangi nyekundu, kwanza mdomo, kisha mpini, kama alivyowaona watu wa ofisi ya maji wakifanya. Rangi ilimdondokea kidoleni, naye hakuifuta.

Majibu ya kile kipande cha nyama yalikuja baada ya siku kumi. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imekwisha kuingia ndani zaidi ya ngozi. Daktari alieleza kwa upole kwamba kidonda cha namna hiyo huandaliwa kwa miaka mingi. Kwamba huenda kingepasuka hata kama maji yangekuwa safi siku zote. Mzee alimwomba arudie neno "huenda". Daktari akalirudia. Halikumsaidia.

Mkono wa kulia ulikatwa juu kidogo ya kifundo. Mama alipozinduka, jambo la kwanza aliloomba lilikuwa maji, na Mzee Kutu, aliyekuwa ameshika bilauri kando ya kitanda tangu alfajiri, akashindwa kumpa. Muuguzi ndiye aliyemnywesha.

Kichujio kimesimama tena. Mzee alimtafuta yule mpimaji kwa simu, wilaya ya tatu kutoka hapo, naye binti akaja kwa gharama yake mwenyewe, katika buti zake, akaketi uani akasikiliza hadithi nzima bila kumkatiza. Hakumlaumu. Alisema tu, "Shikamoo, mama," alipomwona mama akitoka na kwapa lake limebana taulo, kisha akageuza uso. Wakatia chenga nene safari hii, zikichanganywa na mchanga nusu kwa nusu, bila kushindiliwa. Vikaratasi vipya ni mia mbili. Mkebe sasa unakaa kwa mama, naye ndiye anayesoma kadi ya rangi, kwa kuwa, kama alivyomwambia mumewe mbele ya foleni, "Macho yako yanapenda sana kuona mazuri." Kila Jumatatu ya pili mzee hushika kichupa, mama humimina unga kwa mkono wa kushoto, na watu hungojea dakika ishirini zote. Foleni imepungua nusu. Waliobaki hawacheki. Mshonaji huja, huchukua ndoo mbili, huuliza, "Nyeupe?" na mama humjibu, "Nyeupe," na hakuna zaidi.

Mama alitaka kufuma. Mzee alichonga kibano cha chuma cha kufungia sindano moja ukingoni mwa meza, ili ya pili ishikwe na mkono uliobaki. Alikwenda karakana yake ya zamani, akaomba kerezo kwa nusu siku. Vijana wa pale walishangaa kumwona yule mzee wa ukucha akifungua kitambaa chenye mafuta, akitoa kalipa, akipima. Akikereza kidogo, akipima tena. Sindano iliingia katika kibano bila kuchezacheza. Mama amekwisha kufuma mkono mmoja wa sweta. Imemchukua wiki saba.

Jumamosi alasiri bado ni saa yao. Mzee hulaza kiganja cha kushoto juu ya goti lake na kukisugua kwa msasa. Jumamosi iliyopita alikisugua, akakipangusa, akapitisha ukucha mara moja, kisha akarudi mahali pamoja, chini ya kidole cha pete, akapitisha tena.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Kuna moja."

"Ipo siku zote hiyo."

"Ipo. Naona kama imekua."

"Imekua, au unaogopa?"

Mzee Kutu alikitua kiganja cha mkewe juu ya mto, polepole, kama mtu anayetua kitu kinachoweza kumwagika, akainuka akishikilia magoti.

"Unakwenda wapi?"

"Nisubiri," akasema. "Nikalete kalipa."